Kitufe cha 'Sitaki': Teknolojia Saidizi kwa Wenye Usonji

Aghalabu mtu mwenye usonji asiyesema huchukuliwa kuwa hana la kusema. Dhana hii ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano, mahusiano na namna mtu anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Daktari Leo Kanner aliieleza mwaka wa 1943 nchini Marekani. Wapo wenye usonji wanaohutubia kumbi, na wapo wasiotamka neno hata utu uzimani. Kwa hivyo, teknolojia ya kuwasaidia haiwezi kuwa ya namna moja.

Wala si lazima itumie umeme. Mwaka wa 1985, katika jimbo la Delaware, Andy Bondy na Lori Frost walibuni mfumo wa mawasiliano wa kubadilishana picha. Mtoto humkabidhi mwenzake kadi yenye picha ya maji, naye hupewa maji. Baadaye hujifunza kuitanguliza kwa kadi ya 'nataka'. Siku hizi zipo programu za tableti na simu zinazotamka neno mtoto anapogusa picha.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Programu nyingi za aina hii ziliundwa kwanza kwa Kiingereza, ambapo maneno huweza kupangwa moja baada ya jingine kama shanga. Kiswahili hakikubali mpango huo. 'Ninataka' ikikanushwa, kiambishi cha nafsi hugeuka, 'na' ya wakati hudondoka na irabu ya mwisho hubadilika: 'sitaki'. Picha ya 'hapana' ikibandikwa mbele ya 'taka' haizai neno hilo. Upatanisho wa kisarufi nao una yake: kitabu changu, viatu vyangu, maji yangu. Picha moja ya umilikaji itatamka lipi?

Kwa maoni yetu, ni heri kitufe kimoja kitamke neno zima, na ukurasa wa kwanza uwe wa 'sitaki', 'naumwa' na 'niache', kabla ya rangi na matunda ambayo walimu tunayapenda mno. Mtoto asiyeweza kusema 'naumwa' huenda akaadhibiwa kwa kulia ovyo. Asiyeweza kusema 'sitaki' yu mikononi mwa yeyote.

Kuhusu usalama, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 katika jarida la *Pediatrics* ulionyesha kuwa takriban nusu ya familia zilizohojiwa zilisema mtoto wao mwenye usonji aliwahi kujaribu kutoroka baada ya kutimiza miaka minne. Mnamo Oktoba 2013 Avonte Oquendo, kijana wa miaka 14 asiyesema, alitoka shuleni jijini New York. Mabaki yake yalipatikana mtoni Januari 2014. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 2018 iliyobeba jina lake na la mtoto mwingine, Kevin, iliruhusu fedha za umma kugharimia vifaa vya kufuatilia. Bangili ya aina hii hutambua mahali ilipo kwa setilaiti, kisha huarifu simu ya mzazi kupitia mtandao wa simu. Mahali pasipo mtandao, au betri inapoisha, bangili huwa pambo tu. Ua na lango lenye komeo bado vina kazi.

Hata hivyo, bangili ya mtoto wa miaka sita si sawa na ya mtu wa miaka thelathini. Huyu wa pili anastahili kuelezwa ni nani atakayejua aliko, na kwa muda gani. Siku anapovishwa, tableti yake iwe mbele yake, na kitufe cha 'sitaki' kiwe kinafanya kazi.