Mafunzo ni bure, shida ni nauli

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, nilidhani masomo na mimi basi. Mwaka huohuo nikalipa mia tano kwenye saiba moja ya mtaani nitengenezewe PIN ya KRA. Kumbe PIN haina malipo, unajisajili mwenyewe kwenye iTax!

Hilo nilikuja kulijua Swahilipot Hub, pale karibu na Fort Jesus, ambapo tangu 2016 vijana hufunzwa teknolojia, sanaa na biashara. Siku ya kwanza nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikingoja kuulizwa cheti. Wapi! Hakuna aliyeuliza.

Sikilizeni wanangu: asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini biashara iwe imesajiliwa, maana jina la kubandika ukutani halipewi zabuni. Na ile Hustler Fund, riba yake asilimia 8 kwa mwaka, ila mkopo wa mtu binafsi unatakiwa uurudishe ndani ya siku 14. Pesa ya siku 14 ni ya kuzungusha bidhaa, si ya kununua raba. (Mimi nilinunua raba.)

Sasa kutoka Mjambere hadi mjini ni matatu kwenda na kurudi, na siku mfuko mtupu hiyo bure inakuwa ghali. Kwa hivyo pale maskani tunachanga, mmoja anaenda, jioni anatuhadithia tukila mahamri. Wiki hii zamu ni yangu. Daftari ninalo, imebaki nauli ya kurudi.