Mkristo Anapokuwa Mgeni Hekaluni



Wapendwa waamini, kijana mmoja anayesoma Dar es Salaam alirudi Mpanda likizo akiwa na swali. Wenzake walimwalika kutembelea hekalu la Wabudha lililoko Upanga. Alipofika mlangoni na kuona wote wanavua viatu, alisita, akabaki nje mpaka walipotoka. Akaniuliza: "Padre, kama ningeingia, ningetenda dhambi?"

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Hekalu lile lilianzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka, iliyoitwa Ceylon wakati huo, wakaishi nchini mwetu mwanzoni mwa karne ya 20. Desturi zake ni za kwao, ambako mahekalu mengi ya kale yako juu ya vilima. Mojawapo ni Mihintale, kilima ambako, kwa mapokeo yao, mfalme wa kisiwa hicho aliyapokea mafundisho ya Budha katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Mahujaji hupanda ngazi zake zaidi ya 1,800, wengi wakiwa wamevaa nguo nyeupe.

Mgeni huvua viatu na kofia, hufunika mabega na magoti, na hunena kwa sauti ya chini. Haelekezi nyayo zake kwenye sanamu ya Budha, wala haipi mgongo ili apigwe picha. Mwanamke hamgusi mtawa. Waamini wao huweka maua mbele ya sanamu. Maua yakinyauka, huwakumbusha kwamba kila kitu hupita. Budha kwao si Mungu Muumba, bali ni mwalimu aliyeonyesha njia ya kuondokana na mateso.

Sasa tutofautishe mambo mawili: adabu ya mgeni na tendo la ibada. Kuvua viatu, kuvaa kwa staha na kunyamaza ni adabu. Musa naye alivua viatu mbele ya kichaka kilichowaka moto. Papa Fransisko alivua viatu tarehe 21 Novemba 2019, alipomtembelea Patriaki Mkuu wa Wabudha hekaluni mjini Bangkok. Lakini kufukiza ubani, kutoa sadaka au kusujudu mbele ya sanamu ni kushiriki ibada isiyo yetu. Hapo Mkristo husimama kando kwa utulivu, bila dharau. Mwenyeji mwema hamlazimishi mgeni.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine, Ubudha ukitajwa kwa jina. Tamko hilohilo linatukumbusha wajibu wa kumtangaza Kristo daima. Mtume Paulo alifanya yote mawili Athene: aliziangalia kwa makini madhabahu za wenyeji, kisha akasimama Areopago na kumhubiri Mfufuka.

Kanuni hii inatugusa hapa Katavi kuliko tunavyopenda kukiri. Karibu na Ziwa Katavi uko mkwaju ambao, kwa imani ya Wabende, ndani yake hukaa roho ya Katabi, ambaye jina lake limeupa mkoa wetu jina. Watu huweka matoleo shinani wakiomba baraka. Mkristo anaweza kufika pale, akasikiliza historia ya wazee na kuiheshimu. Si halali kuukejeli mti ule wala kuwatukana wanaouthamini. Lakini anayepokea Ekaristi Dominika, kisha Jumatatu akapeleka matoleo shinani kwa siri, ameugawa moyo wake. Inashangaza kwamba twaogopa kuvua viatu Upanga, na hatuogopi kupeleka matoleo mkwajuni.

Ninajua wengi huenda huko kwa sababu ya ugonjwa, utasa au mavuno yaliyoharibika. Siwahukumu. Injili imehubiriwa katika nchi yetu hii tangu wamisionari walipofika Karema mwaka 1885, na bado hofu hizo zatufuata. Ndugu yangu, usizibebe peke yako: zilete kwenye Jumuiya yako, kwa katekista, katika kitubio.

Yule kijana nilimjibu kwamba asingetenda dhambi. Akialikwa tena, aingie kwa heshima, na akiulizwa imani yake, ajibu bila kuona haya.