Deni la 6,000, ada mlangoni

Tuseme wewe ni fundi wa kuchomelea hapa Sarang'ombe. Umemtengenezea mtu geti, akalichukua, akabaki na 6,000 zako. Simu hapokei. Mahakama za Kibera si mbali, unatoka Olympic na miguu yako.

Lakini faili haifunguliwi kwa hasira. Kuna ada ya kusajili kesi na gharama ya kumfikishia jamaa hati. Kuna pia pesa ya saiba, maana Nairobi kesi husajiliwa mtandaoni tangu Julai 2020. Ada ikipanda 1,000 tu, mwenye kudai milioni hatashtuka. Wewe utapiga hesabu, umezee.

Na mahakama za madai madogo ziliundwa kwa ajili yako: sheria ni ya 2016, madai hadi milioni 1, uamuzi ndani ya siku 60, wakili si lazima.

Uingereza walijaribu ada kubwa. Julai 2013 mfanyakazi aliyetaka kumshtaki mwajiri kwenye baraza la kazi alianza kulipishwa, nyingine hadi pauni 1,200. Kesi zikapungua kwa takriban theluthi mbili. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kilipinga, na Julai 2017 Mahakama ya Juu ikafuta ada hizo. Waliolipa wakarudishiwa. Waliokata tamaa mapema hawakuwa na risiti ya kuonyesha.

Katiba yetu, Kifungu cha 48, inasema ada ikihitajika iwe ya kadiri, isimzuie mtu kupata haki. Shida ni njia inayopitia. Juni 2024 vijana walisoma Mswada wa Fedha kipengele kwa kipengele, lakini ada za mahakama kwa kawaida huwekwa kwa kanuni, si mswada. Sheria ya 2013 inataka kanuni zifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Kamati isipotoa ripoti kwa siku 28, zinahesabiwa kuwa ziko sawa. Yaani mbunge wako anaweza kuzipitisha akiwa amelala, na hakuna kura ya kumuuliza baadaye.

Umekwama kabisa? Kanuni za kesi za madai, Agizo la 33, zinamruhusu asiye na uwezo kuomba kushtaki bila kulipa ada. Iulizie pale masjala kabla hujarudi nyumbani.