Kitunguu Kizito, Kitunguu Kikongwe, Kitunguu Kitamu

Septemba 2023, kwenye maonyesho ya bustani ya Harrogate, Uingereza, Gareth Griffin wa kisiwa cha Guernsey alipima kitunguu chake: kilo 8.97. Kilikuwa kizito kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa rekodini, na kilikipiku kile cha Tony Glover cha kilo 8.5, kilichoshika nafasi hiyo tangu 2014.

Kwetu Myanga, Bungoma, hatutaivunja rekodi hiyo, na kosa si la mkulima. Kitunguu huvimba kwa kuhesabu mwanga. Mbegu za Ulaya husubiri mchana wenye urefu wa saa 14 na zaidi, nasi huku, karibu na ikweta, mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima. Ukizipanda utavuna majani.

Kwa ukongwe, sijui wa kushindana na Ramses wa Nne wa Misri. Alifariki yapata mwaka 1149 KK, na maiti yake ilikaushwa na kuwekewa vitunguu kwenye matundu ya macho.

Kwa utamu, hapo Myanga ina nafasi. Mwaka 1931 Mose Coleman, mkulima wa jimbo la Georgia, Marekani, aligundua kwamba vitunguu vyake havikuwa vikali. Siri ilikuwa udongo: kichanga chenye salfa kidogo. Leo vinaitwa Vidalia, na tangu 1986 sheria ya jimbo hilo inataja ni eneo gani tu linaloruhusiwa kulitumia jina hilo. Aina inayolimwa kule, Granex, huvimba mchana ukiwa mfupi. Jamaa yake, Texas Grano, hulimwa hapa Kenya, kwa hiyo utamu huo hauhitaji visa.

Nawasihi wenye bustani nyuma ya nyumba wajaribu. Sia mbegu kitaluni, hamisha miche baada ya wiki sita hadi nane ikiwa na unene wa penseli, uiachanishe kwa sentimita 10, na usifukie shingo. Tia samadi iliyooza vizuri. Mbolea za DAP na CAN tulizozoea kwenye mahindi hazina salfa. SA inayo, asilimia 24, na salfa ndiyo huongeza ukali. Mwagilia bila kukatiza, kwa maana kitunguu kilichoonja kiu huwa kikali. Udongo mzito wa mfinyanzi utakusumbua, basi inua matuta.

Bingwa wa kukaa ghalani ni mwingine: Red Creole, ile nyekundu ndogo. Ikianikwa kivulini hadi shingo ikauke kabisa, hudumu miezi. Texas Grano ina maji mengi, nayo huoza mapema. Uile kwanza, usiihifadhi kwa ajili ya Krismasi. Kwa wasiopenda kulia jikoni, kampuni ya Japani ya House Foods imetoa kitunguu kisicholiza, baada ya watafiti wake kuonyesha mwaka 2002 kimeng'enya kinachozalisha gesi ya machozi.

Sehemu kubwa ya vitunguu vinavyouzwa Kenya hutoka Tanzania, hasa Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, na mwaka 2023 bei ilipopanda, kila mpishi aliuhisi mpaka ulipo. Hata mwenye kutegemea soko la Chwele angefaidika na matuta mawili yake mwenyewe.

Texas Grano ni ya kachumbari: ikate nyembamba, utie nyanya, dania na ndimu, uile mbichi na nyama choma. Red Creole ipeleke sufuriani. Watu hudhani haina sukari, kumbe mara nyingi inayo sawa na ile tamu, au hata kuizidi. Ukali ndio huifunika. Ikaange taratibu kwa moto mdogo hadi igeuke rangi ya kahawia, ukali utoke, kisha ndipo utie kuku.