Nipe Yenye Diski

Nikiingia Kariakoo kutafuta mashine ya gemu, kabla ya bei namuuliza muuzaji: inameza diski? PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020 ilikuja pia na toleo lisilo na tundu la diski. Gemu zote unazipakua. Bei yake ni nafuu, lakini bando je? Gemu moja kubwa hupita GB 50 kirahisi, na ukiichoka huwezi kumuuzia jirani. Diski naiuza, naongeza kidogo, nachukua nyingine.

Na wasikubebeshe televisheni ya 4K kwa ajili ya PS4 ya kawaida. Gemu zake zinaishia 1080p. Hela hiyo mimi naiweka kwenye spika. Televisheni hizi nyembamba, jamani, sauti yake ni ya nzi chupani.