Chumvi ya Kijijini, Chumvi ya Mjini

Mwaka 1990 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti kuhusu Waluo waliohama vijiji vya kando ya Ziwa Viktoria, magharibi mwa Kenya, kwenda kuishi Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Haikuchukua muda mrefu, presha za waliohama zikawa juu zaidi. Walipopimwa mkojo, sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, ilikuwa imezidi ukilinganisha na potasiamu, ambayo mwili huipata kwenye mboga za majani, ndizi na maharage.

Nimeufikiria sana utafiti huo, kwa sababu wengi wetu tumeifanya safari hiyohiyo.

Chumvi huandamana na maji. Ukiizidisha, mwili hubakiza maji ya kuizimua, damu ikaongezeka ndani ya mishipa ileile. Moyo hudunda kama mara 100,000 kwa siku. Sasa kila pigo linadai nguvu zaidi. Miaka ikipita msuli wake hunenepa na kukakamaa, na mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Hapo ndipo presha inapotisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani isijae hata kijiko kimoja cha chai. Humo imo ya mkate, ya chipsi, ya ng'onda na ya vile vidonge vya kukoleza mchuzi. Ukitia kidonge, basi usitie chumvi tena. Ng'onda aloweke, maji yamwagwe. Kopo la chumvi likae jikoni, si mezani. Ndimu, kitunguu saumu na pilipili vifanye kazi yake. Wiki za kwanza chakula kitaonekana chapwa, kisha ulimi utazoea, na mchuzi wa zamani utakushinda.

Sigara iache kabisa. Tembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Kushuka daladala kituo kimoja kabla ya chako kunasaidia kuzifikisha.

Na upime presha hata kama hujambo. Kaa kitako dakika tano kwanza, mkono uegemee meza usawa wa moyo, usizungumze. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine upimwe tena, na dawa ukipewa usiiache kwa kuwa unajisikia vizuri.