Tusiiache sindano ya Lamu ishike kutu

Zitajwapo sanaa za Lamu, aghalabu fikira za wasikilizaji huelekea kwenye milango ya nakshi, majahazi na majumba ya mawe yenye vidaka. Hapana makosa katika hilo. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na majengo yake yalikuwa miongoni mwa sababu kuu za kupewa heshima hiyo. Lakini iko sanaa nyingine ambayo haisimami njiani ikangoja kupigwa picha. Hufanywa uani, ukumbini na barazani, juu ya mapaja ya mtu aliyeketi, kwa chombo kisichozidi urefu wa kidole. Nayo ni sanaa ya sindano. Makala haya yanakusudia kuwaomba walimu na wanafunzi wa Kiswahili waitazame sanaa hiyo kwa jicho la lugha, kwa sababu sehemu kubwa ya kile kinachoelekea kupotea ndani yake ni maneno.

Katika nchi za baridi kali, ushonaji wa nyumbani umefungamana na majira ya theluji, wakati shamba limelala na usiku umerefuka. Huko Marekani na Uingereza, wanawake wa mashambani walikusanya vipande vya nguo kuukuu wakaviunga, wakatia pamba katikati, wakapata mfarishi wa kujifunikia. Visiwa vya Lamu havijui theluji, ila navyo vina majira yao ya kukaa ndani. Kaskazi ikishakatika, upepo wa kusi huanza kuvuma, tangu mwezi wa Aprili hadi karibu na Septemba. Masika hunyesha, kipupwe huingia kati ya Juni na Agosti, na bahari ya nje ya miamba huchafuka hata vyombo vidogo vya wavuvi husita kutoka. Riziki ya baharini inapokuwa ya kubahatisha, kazi ya mkono ndani ya nyumba huongezeka thamani.

Sindano, basi, haikosi la kufanya. Doti ya leso iliyonunuliwa ikiwa kipande kimoja hukatwa na kupindwa. Mito hujazwa usufi na kufungwa mdomo. Wanaume huketi chini na kushona tanga lililoraruka. Lakini kazi inayodai subira kuliko zote ni kofia, ile inayovaliwa pamoja na kanzu siku ya Ijumaa, siku ya Idi, harusini, na katika Maulidi ya Lamu ambayo huwakusanya watu wa pwani nzima katika Msikiti wa Riyadha.

Msomaji asiyepata kuiona kofia hiyo ikishonwa huenda akadhani ni kazi ndogo. La hasha. Kofia ina sehemu mbili, yaani ukanda unaozunguka kichwa na duara la utosini. Kila sehemu hufanywa kwa tabaka za kitambaa cheupe cha pamba zilizoshikizwa pamoja. Mchoro huchorwa kwanza juu ya kitambaa, kisha mshonaji huufuata kwa uzi, nukta kwa nukta. Katika kofia ya viua, vitundu vidogo hutobolewa na kila kimoja kuzungushiwa uzi ukingoni ili kisiraruke. Vitundu hivyo ndivyo vinavyoitwa viua, na pamoja na kuipamba kofia vina manufaa mengine, kwani hupitisha hewa katika nchi ya joto. Mwishoni duara huunganishwa na ukanda, kofia ikafuliwa, ikatiwa wanga na kukaushwa ili isimame. Kofia iliyojaa kazi huweza kumchukua mshonaji mmoja miezi kadhaa, akiishika baina ya kupika, kulea na kuswali. Aliyesema kwamba haba na haba hujaza kibaba angaliweza pia kuutoa mfano wake hapa.

Sasa na tuingie katika lugha. Mwanafunzi akiulizwa ni kitenzi gani cha Kiswahili kinachohusu sindano, atajibu mara moja: kushona. Jibu ni sahihi. Lakini kipo kitenzi kingine, kikongwe na kipana zaidi, nacho ni kutunga. Kwa Kiswahili hutungwa shanga, hutungwa samaki, hutungwa maua ya asumini, na hutungwa mashairi. Mzizi huo umeenea katika lugha za Kibantu. Kwa Kizulu, thunga ni kushona. Kwa Kilingala, tonga ni kushona na pia kujenga. Wahenga wetu, kwa hiyo, waliona kwamba anayepitisha uzi katika shanga na anayepanga mizani na vina wanafanya kazi ya jamii moja, yaani kuviunga vitu vidogo kwa mpango hadi vikawa kitu kimoja. Si ajabu kwamba visiwa hivi hivi ndivyo vilivyomtoa Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utendi mashuhuri mwaka 1858.

Ushonaji wenyewe ni wa kale mno katika pwani yetu, na haukuhusu nguo peke yake. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea kinautaja mji wa biashara wa Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, na kinaeleza kuwa jina hilo lilitokana na vyombo vya huko vilivyoshonwa. Mtepe, chombo kilichowapatia sifa mafundi wa visiwa vya Lamu, ulishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi, pasipo misumari ya chuma, na ulionekana baharini hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Nguo nazo zina historia yake. Mtawa wa Kireno João dos Santos, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1609, aliwataja wafumaji wa hariri wa Pate na ubora wa vitambaa vyao. Kwa hiyo mshonaji wa leso wa leo amekalia kiti cha mababu wengi.

Msamiati wa fani hii ni daftari la biashara ya Bahari ya Hindi. Kanzu peke yake inatosha kuwa somo. Kipande kikuu cha mbele na nyuma ni badani, neno la Kiarabu lenye maana ya mwili. Vipande vya ubavuni ni taharizi. Kipande cha chini ya kwapa ni kikwapa, neno letu la Kibantu. Upindo wa mkononi ni sijafu, na kipande cha ndani kinachozunguka shingo ni kaba. Mkasi umetoka Arabuni. Kastabani, yaani kile kifuniko cha kidole ambacho wengine hukiita subana, asili yake ni Kiajemi, na neno bafta vilevile. Leso tulipewa na Wareno. Kitambaa cha marekani kimebeba jina la nchi kilikotoka, tangu wakati wa wafanyabiashara wa Salem waliokuja Unguja, na wa mkataba ambao Sayyid Said alitiliana saini na Marekani mwaka 1833. Mwalimu anayetaka kufundisha ukopaji wa maneno hana haja ya kutafuta mifano ya mbali. Amfunulie mwanafunzi kikapu cha mshonaji.

Hapa ndipo penye tatizo. Maneno niliyoyataja yamenusurika kwa kuwa yaliingia katika kamusi zilizokusanywa zamani. Je, majina ya mishono na michoro ya kofia za Lamu, Siu na Faza yako wapi? Tufunguapo kamusi zetu, mara nyingi hukutana na maelezo mafupi mfano wa “aina ya kofia” au “aina ya mshono”, na msomaji akaachwa palepale alipokuwa. Sababu mojawapo ni ya kihistoria. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaelekeza nguvu zake huko. Usanifishaji ulikuwa na faida kubwa, wala siutaki urudishwe nyuma. Lakini Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu zilibaki kando, zikasifiwa kwa ushairi wake na kusahauliwa kwa ufundi wake. Tendi zilihaririwa na kuchapishwa. Maneno ya uani hayakuandikwa.

Neno la fani likipotea, kinachopotea ni zaidi ya sauti. Mama akimfunza bintiye mshono, humwongoza kwa jina: fanya hivi, acha vile, rudia kile. Jina ndilo linalouhamisha ufundi kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Siku hizi madukani zimejaa kofia zilizoshonwa kwa mashine, za bei nafuu, ambazo kwa mbali zinafanana na za mkono. Mnunuzi asiyejua kuitofautisha kazi ya mkono na ya mashine hataona sababu ya kulipa zaidi, na hawezi kuitofautisha ikiwa hana maneno ya kutofautishia. Hivyo msamiati ni sehemu ya soko. Muuzaji akiweza kueleza mshono huu ni upi, unachukua muda gani na kwa nini mashine haiuwezi, ameutetea ujira wa mshonaji. Asipoweza, kofia zote zitakuwa “kofia” tu, na bei itaamuliwa na ile iliyo rahisi.

Najua yako maoni yanayopinga. Yuko atakayesema kuwa sindano ndiyo iliyowafungia wanawake wa pwani majumbani, wakaharibu macho yao kwa ujira mdogo, na kwamba msichana wa Lamu anahitaji kitabu. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gae, na ni kweli kwamba aghalabu aliyeshona hakupata sehemu kubwa ya bei ambayo kofia iliuzwa. Lakini dawa ya dhuluma ya bei ni kuirekebisha bei. Kuuacha ufundi ukafa hakumlipi mshonaji hata senti. Isitoshe, kitabu na sindano si maadui. Kofia ina duara, ulinganifu, mgawanyo na hesabu. Mchoro unaorudiwa sawasawa mara 16 kuzunguka ukanda ni somo la hisabati. Wala kazi hii haikuwa ya wanawake peke yao. Hata wanaume wa Lamu wameonekana barazani na kofia mikononi.

Tunalo funzo la karibu kuhusu hatari ya kutojiandikia mali yetu. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno “Kikoy” kuwa alama yake ya biashara. Kelele zilipigwa na watetezi wa wafanyabiashara wa Kenya, pingamizi likawekwa, na mwaka 2008 ombi hilo likaishia njiani. Neno ambalo kila mvuvi wa pwani hulifunga kiunoni lilikaribia kuwa na mwenyewe mwingine ng'ambo. Tangu hapo Kenya imetunga sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiutamaduni, nayo inazipa serikali za kaunti wajibu wa kuweka rejista ya maarifa hayo. Lakini rejista haijiandiki. Ofisa wa kaunti hawezi kusajili mchoro usio na jina, wala mshono ambao hakuna aliyeueleza.

Nani basi ataifanya kazi hiyo? Naona ni walimu na wanafunzi. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulizipa nafasi kazi za mikono na sayansi kimu, ingawa masomo hayo baadaye yalipunguzwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya mwanzo nchini kote mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kuihusisha jamii yake. Mlango, kwa hiyo, uko wazi. Mwalimu wa Kiswahili wa Lamu, Mokowe au Faza anaweza kumwagiza kila mwanafunzi alete jambo moja kutoka nyumbani: jina la mshono, maelezo ya namna unavyoshonwa, sentensi aliyoisema bibi kwa lahaja yake bila kusanifishwa, na mchoro uliochorwa kwa mkono wa mwanafunzi. Darasa la wanafunzi 40 litakuwa na kurasa 40 kabla ya muhula kwisha. Kurasa hizo zipangwe kwa alfabeti, nakala moja ibaki shuleni na nyingine ipelekwe katika Makumbusho ya Lamu.

Masharti mawili yazingatiwe. Kwanza, mwenye maarifa aombwe ruhusa, na jina lake liandikwe iwapo ataridhia, kwa sababu ndiye mwalimu halisi wa somo hilo. Pili, mwanafunzi asilisahihishe neno la bibi yake ili lifanane na lile la kitabuni. Bibi akisema “mato” mahali ambapo kitabu kimesema “macho”, mwanafunzi aandike “mato”. Kusahihisha ni kazi ya mtihani. Hapa kazi ni kusikiliza.

Vyuo vikuu navyo visijitenge. Tumezoea kuwatuma wanafunzi wetu wa shahada wakachambue riwaya zilezile mwaka baada ya mwaka, ilhali kamusi ndogo ya istilahi za ushonaji wa visiwa vya Lamu ingetosha kabisa kuwa tasnifu, na ingesomwa na watu wengi zaidi kuliko wasahihishaji watatu.

Kusi huja kila mwaka, na kila mwaka huwakuta washonaji wamepungua. Chanda chema huvikwa pete, ndivyo tunavyosema. Chanda cha mshonaji wa Lamu hakijavikwa kitu ila kastabani. Lililo katika uwezo wetu, sisi watu wa lugha, ni kuhakikisha kwamba alichokifanya kina jina, na kwamba jina hilo limeandikwa kabla ya yule alijuaye kututoka.